Zoezi la Kumi na Moja

Machi 2
Daftari hili nimepewa na Mwalimu Angetile. Amesema kila asubuhi nizunguke gari, nitazame, halafu niandike nilichokiona, nisiandike ninachodhani kipo. Haya. Nimezunguka gari. Matairi sita yote yana upepo. Tenki la maji limejaa. Hakuna mafuta chini. Mlango wa nyuma unafunga.

Kurasa ni nyingi kuliko habari za gari, na mimi sina mtu wa kuongea naye, basi nitaandika na mengine.

Mimi ni kibarua wa Mzee Ambwene hapa Ndandalo. Kwetu ni Iramba, mkoa wa Singida. Nilikuja kuvuna kakao msimu mmoja na sasa ni mwaka wa nne. Watu wa hapa wananiita Mgogo. Niliwaambia Iramba si Ugogo, wakasema kote huko ni ukame tu. Nimeacha kubisha. Shule niliishia kidato cha pili.

Mzee alikuwa fundi wa mitambo Zambia. Amestaafu, amenunua gari la Kijapani lenye nyumba mgongoni. Ndani kuna vitanda, jiko la gesi, sinki, mpaka choo. Anataka azunguke nchi na mkewe, Mama Nancy, walale wanapopenda. Mwezi wa sita wenye magari ya namna hii wanasafiri pamoja kutoka Mbeya. Chama chao hakimchukui mtu mpaka afanye mazoezi kumi na mawili na kadi yake isainiwe. Mwalimu Angetile ndiye anayefundisha. Aliendesha malori ya Tunduma miaka ishirini na miwili. Ni mama mnene, anatembea kwa kuchechemea, na hapandishi sauti.

Mimi ni utingo. Naosha gari, napanga mizigo, nasimama nyuma likirudi. Mzee amesema safari ya mwezi wa sita nitakwenda nao. Njia inapita Chunya, Rungwa, Itigi, Manyoni, Singida, inakwenda hadi Mwanza. Kwa hiyo inapita Misigiri. Nyumba ya mama yangu iko hatua mia mbili kutoka kwenye lami.

Kurudi kwa basi na mfuko mmoja wa plastiki nimeshindwa miaka minne. Kushuka kwenye gari kama lile ni jambo lingine. Naandika ukweli.

Machi 4
Nimezunguka gari. Sawa yote.

Zoezi la kwanza mpaka la tatu. Mwalimu alisimama pembeni, mimi nyuma, Mzee kwenye usukani. Sheria ni moja. Dereva asiponiona kwenye kioo, asimame, hata kama anajua nipo. Mzee alirudi nyuma huku ametazama mbele. Akapiga mgomba. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa ukutani, mmoja akauliza kama nyumba imehama kiwanja. Mzee akasema ameendesha pikapu miaka thelathini. Mwalimu akamjibu kwamba pikapu haijabeba kitanda juu ya kichwa chake, arudie.

Amerudia mara kumi na nne. Mgomba umekufa.

Machi 5
Nimezunguka gari. Mvua kutwa.

Machi 9
Nimezunguka gari. Tairi la kushoto nyuma limepungua, nimejaza.

Somo la maji. Mwalimu anataka tenki liwe limejaa au tupu, lisiwe nusu. Anasema aliwahi kubeba ng'ombe. Wakijaa lori hawana pa kwenda, lakini wakiwa wachache kila kona wanahamia upande mmoja, na lori linawafuata. Maji nusu ni hao ng'ombe wachache.

Mchana nilipanga mizigo. Niliweka magunia mawili ya mchele kwenye kitanda cha juu, kile kilicho juu ya kichwa cha dereva, maana ndicho kipana. Bibi Tusajigwe akachungulia mlangoni. Huyu ni mjane, jirani wa Mzee, alizaliwa kwa wafinyanzi wa pwani ya ziwa, na mpaka leo vyungu vinamjia kwa mtumbwi mpaka Itungi, anavipakia kwenye matenga na kuvipeleka sokoni Kyela. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Mgogo, wewe unaishi na mchele juu ya kichwa? Kizito kikae chini. Chungu kikubwa mimi nakikalisha sakafuni, nakizungushia majani ya mgomba, na mimi mwenyewe nakaa chini karibu nacho."

Nikashusha. Mwalimu alipokuja akakagua, akauliza nani amenifundisha. Nikamwonyesha bibi. Wakasalimiana kwa Kinyakyusa muda mrefu, wakaniacha na magunia yangu.

Bibi huyu hunipa chakula. Wali na usipa, dagaa wa ziwani, siku nyingine mbalaga, ndizi za kupika. Anauza vyungu pamoja na Mama Damari, mke wa marehemu shemeji yake. Wanagombana kutwa, kuhusu bei, kuhusu nani kavunja kipi, na asubuhi wanaonekana tena wamebeba tenga moja, huyu huku na huyu kule.

Machi 16
Nimezunguka gari. Sawa.

Zoezi la tisa. Mwalimu alimtaka Mzee aende nyuma, akae kitandani kama abiria, yeye akashika usukani. Mimi nikakaa mbele nimefunga mkanda. Tulikwenda polepole, mwendo wa baiskeli. Akakanyaga breki mara moja tu. Nikasikia kishindo. Mzee alikuwa sakafuni kati ya sinki na mlango, goti linavuja damu, kofia iko chooni.

Mwalimu alimsaidia kuinuka. Akamwambia kwa upole kwamba ndiyo maana gari likitembea hakuna mtu anayekaa nyuma, hata mmoja, hata kwa hatua mia. Huko ni nyumbani likisimama tu.

Baadaye Mzee alimwambia mkewe nikiwa nasikia, kwamba ameangushwa ndani ya nyumba yake mwenyewe na mwanamke, mbele ya kibarua. Siku ile nilimwona mtu wa majivuno tu.

Machi 20
Mwalimu ameondoka. Dada yake anafanyiwa upasuaji Mbeya. Mazoezi tisa yamesainiwa, yamebaki matatu. Kadi lazima ifike kwa chama kabla ya katikati ya Aprili. Amesema la kumi na la kumi na mbili Mzee anayaweza, ni breki na kupita kwenye maji. La kumi na moja akalieleza mara mbili, tukiwa tumesimama barabarani.

Lami ya huku mvua inakula mabega yake. Ukingo unakuwa mrefu kama kiganja, mahali pengine kama magoti. Tairi la kushoto likishuka, mkono wa dereva unataka kuvuta kulia papo hapo. Asivute. Atoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani kama ulivyo, aache gari lipungue lenyewe, ndipo apande taratibu. Ukivuta, tairi linakwama kwenye ukingo, halafu linaruka lote kwa pamoja, na nyumba ya juu haiwezi kufuata.

"Mzee ameshaelewa," nikasema.

"Mdomo wake umeelewa. Mikono bado. Afanye mara kumi, mwendo mdogo, mpaka mikono ielewe. Wewe utasimama, utahesabu, utasaini kama shahidi."

Nikamwambia mimi si msomi. Akasema hatafuti msomi, anatafuta mtu anayeandika alichokiona. Akanipa kadi na kalamu yake ya wino.

Machi 22
Nimezunguka gari. Mvua. Mzee anasema kesho.

Machi 23
Mvua. Kesho.

Machi 26
Nimezunguka gari. Mjomba wa Mama Nancy amefariki Ikolo.

Msiba wa huku si wa kupeleka salamu na kurudi. Unakwenda na ndizi, na mchele, na kuni, unalala huko siku kadhaa. Wanawake wa mtaa wote walikuwa tayari uani, wamejifunga kanga, mvua inawapiga, mikungu kichwani. Gari limesimama pale, lina vitanda, lina paa. Mzee aliwatazama, akatazama gari, akanitazama mimi. Nilijua anafikiria goti lake.

Akafungua mlango wa nyuma.

Wakaingia tisa. Ndizi tukafunga juu ya paa. Waliimba njia nzima, sauti ilijaa mle ndani kama kanisani. Tulifika salama. Wazee wa Ikolo walitoka kumpokea Mzee, wakamshika mkono kwa mikono miwili. Ndaga fijo, tata, ndaga fijo, yaani asante sana, baba. Sijawahi kumwona amesimama wima vile.

Machi 31
Pasaka. Nimezunguka gari. Matope mpaka kwenye vioo, nimeosha.

Aprili 3
Msiba mwingine, upande wa Itungi. Tumebeba kumi.

Aprili 5
Mvua. Kesho, anasema.

Aprili 8
Nimezunguka gari. Breki ya kulia inalia, nimemwambia.

Tulifanya zoezi la kumi jana na la kumi na mbili leo. Nimeyasaini, yalifanyika. La kumi na moja tulikwenda mpaka sehemu aliyoonyesha Mwalimu. Watu walikuwa wamejikinga mvua kwenye kibanda cha bodaboda. Wakapiga kelele, tata, leo unafundishwa nini tena. Mzee akapita bila kusimama. Akasema tutarudi wakiondoka. Hatukurudi.

Aprili 12
Nimezunguka gari. Sawa.

Kadi inaondoka kesho kwa basi. Mzee aliniita barazani, Mama Nancy ameweka chai na viazi. Mzee akasema zoezi lenyewe analijua, anaweza kulisema lote bila kukosea, na kweli akalisema lote. Mguu utoke kwenye mafuta, usukani ubaki, gari lipungue, upande taratibu. Neno kwa neno. Akasema ameendesha watu kwenye misiba miwili, njia mbovu, hakuna aliyekwaruzwa, na huo ni mtihani kuliko huu.

Halafu akaniambia, "Bila sahihi hii hakuna mwezi wa sita. Misigiri tutaipita kwenye ramani."

Hakutishia. Alisema tu kama mtu anayesema mvua inanyesha. Nilikuwa nimeshampigia mama simu ya jirani, nimemwambia gari la vitanda litapita na mimi nitakuwa ndani. Alicheka, akauliza kama lina jiko, atanipikia humohumo.

Nikachukua kalamu ya Mwalimu. Penye idadi nikaandika kumi. Penye shahidi nikaandika jina langu.

Viazi sikuvimaliza.

Aprili 13
Nimezunguka gari.

Aprili 20
Barua imekuja kwenye simu ya Mama Nancy, chama kimempokea Mzee. Amebandika karatasi yenye namba ya safari kwenye kioo cha mbele. Vijana wa bodaboda hawacheki tena. Wanamwita dereva wa nyumba, kwa heshima.

Aprili 24
Msiba. Wanane.

Aprili 29
Msiba. Kumi na mmoja, na jeneza tulilipokea Itungi, likakaa sakafuni. Gari hili lililonunuliwa kwa starehe limekuwa gari la vilio. Linanuka ndizi na kanga zilizolowa. Mama Nancy alilalamika kwamba magodoro yameoza kabla hajalalia hata moja. Mzee akasema, "Nimwambie nani ashuke?"

Nilikuwa nadhani hawezi kujifunza kwa majivuno. Sasa naona kuna na hili, mtu huyu hajui kukataa watu. Alikaa Zambia miaka mingi, misiba ya kwao ilimpita mingi, na sasa wanamshika mkono kwa mikono miwili. Sijui katika hayo mawili lipi lina hatari zaidi.

Bibi Tusajigwe alinipa chungu kidogo, cha mama yangu. Amekizungushia majani na kukifunga kwa kamba ya mgomba. Amesema nikiweke chini.

Mei 3
Nimezunguka gari. Bega la barabara pale kwenye kalavati la mashamba ya mpunga limeliwa. Nimepima kwa fimbo, linafika chini kidogo ya goti. Nimemwambia Mzee. Amesema ameliona.

Mei 7
Mvua.

Mei 8
Mvua.

Mei 10
Mvua. Mpunga umelala.

Mei 13
Naandika leo ya Jumamosi tarehe kumi na moja. Mkono wa kulia una nyuzi saba, herufi zitakuwa mbaya.

Asubuhi nilizunguka gari. Matairi yana upepo. Tenki nusu. Wanawake walikuwa wametumia maji kuosha miguu kwenye msiba wa kabla, na bomba la kujazia lilikuwa halitoi. Niliandika kwenye kiganja, tenki nusu, nikasema nitamwambia Mzee. Ndipo watu wakajaa.

Ulikuwa msiba wa Ikolo tena. Wanawake saba, ndizi, magunia matatu ya mchele. Sakafu ilijaa miguu. Sikuwa na pa kuweka magunia. Nikayapandisha kitanda cha juu, yote matatu.

Bibi Tusajigwe aliingia wa mwisho. Akaketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, kama anavyokaa na vyungu vyake. Akainua macho.

"Mgogo, mchele umepanda kitandani?"

"Hakuna nafasi, bibi. Ni hapo tu Ikolo."

"Haya. Ni hapo tu."

Mama Damari alifika na mkungu wake, akachungulia, akaona tulivyobanana. Akasema yeye atatembea, hataki kukaliwa. Bibi Tusajigwe akamwambia mvua itamlainisha roho. Wanawake wakacheka. Tukamwacha barabarani.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, nimeshika mlango. Kwenye dirisha dogo naona kichwa cha Mzee na cha Mama Nancy. Tulipokaribia kalavati lilitokea lori la mchanga mbele yetu, limekaa katikati. Mzee akalipisha. Nilisikia tairi la kushoto likishuka. Ni sauti ndogo, kama mtu kukanyaga ngazi ambayo hakujua ipo. Lori likapita. Nikaona bega la Mzee.

Alivuta.

Nimeliona lile bega usingizini na macho yakiwa wazi. Anajua maneno yote, neno kwa neno, na bega likavuta. Tairi likang'ang'ania ukingo, likaruka, tukakata barabara nzima kwenda kulia. Akavuta tena kushoto. Maji kwenye tenki nikayasikia yakihama. Halafu nyumba ikalala.

Tulitolewa na watu wa mashambani, walivunja dirisha la juu. Nje mvua ilikuwa ileile. Mama Nancy mkono umevunjika mahali pawili. Wawili wamevunjika mbavu. Binti mmoja wa kwaya, jina lake Kisa, hasikii sikio moja. Mzee hana hata mkwaruzo, mkanda ulimshika.

Bibi Tusajigwe alikuwa chini, palepale alipokaa. Magunia mawili yalikuwa juu yake. Niliyatoa mimi, kwa mkono huu.

Mei 14
Gwamaka, mtoto wa kiume wa Bibi Tusajigwe, mvuvi wa Itungi, ameniomba nisaidie kuchimba kaburi kwa sababu nina mikono ya kazi. Hakuna aliyejua habari ya sahihi yangu. Ardhi ya Kyela mwezi huu ukichimba kiunoni maji yanaingia. Tulichota kwa ndoo, tukachimba, tukachota. Gwamaka alisimama juu akinipokea ndoo. Nilipotoka alinipa mkono.

"Ndaga fijo, kaka. Mama alikupenda."

Nikaenda nyuma ya migomba nikanawa matope.

Mei 16
Mzee alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ameishiwa mwili kwa siku tano. Alisema trafiki wameiona kadi. Mazoezi kumi na mawili yametimia, kwa hiyo dereva amefundishwa, na bega la barabara limeliwa. Wanaelekea kuandika kwamba kosa ni la barabara.

Kisha akasema, "Ukisema, ninaingia ndani. Na wewe unaingia."

Nikamwambia najua.

"Ningewaambia nini, Mgogo? Watembee kwenye mvua na gari lina vitanda?"

Alipoondoka alisahau kofia yake, sikumwita.

Mei 18
Mwalimu Angetile amekuja kutoka Mbeya kwa basi la asubuhi, kuhani msiba. Alipomaliza alinifuata kwenye kibanda cha gari ambacho hakina gari.

"Zoezi la kumi na moja mlifanyia wapi?"

"Barabara ya Ikolo."

"Mara ngapi?"

"Kumi."

Akaulizia daftari. Nikasema lililowa siku ya ajali. Lilikuwa chini ya godoro langu, kavu. Akanipa mkono, akaniaga kwa jina langu la kwetu, maana alilisoma kwenye kadi. Angenitukana ningepumzika.

Mei 22
Leo tumemaliza msiba.

Baada ya chakula wanaume wa ukoo walikaa kuulizana. Ndivyo wanavyofanya huku. Mtu mzima hafi hivihivi, lazima pajulikane kwa nini yeye, kwa nini siku ile. Wanawake walikuwa saba ndani ya gari, sita wapo hai. Mzee mmoja akaanza kwa mbali, kuhusu watu wanaogombana kila siku. Mwingine akauliza nani alifika mlangoni akakataa kupanda. Mwingine akasema aliyekataa alijua nini.

Hawakutaja jina. Mama Damari alikuwa amekaa peke yake karibu na mawe ya jiko. Sufuria la mbalaga aliyopika lilikuwa limejaa mpaka juu, hakuna aliyepakua. Nilikuwa sijaona hilo. Nikakumbuka tangu jana sikumwona mtu akinywa maji ya ndoo yake. Alikuwa ameshika kata, anaipangusa kwa kanga, imeshakauka, anaipangusa.

Yeye ndiye aliyefanya kilichofundishwa. Aliona limejaa, akatembea.

Nilisimama. Mimi si mtu wa kusimama kwenye kikao cha ukoo wa watu, tena ni kibarua. Mmoja akaniambia keti, Mgogo. Nikasema naomba dakika moja, halafu nitaketi popote mtakaponiketisha.

Nikasema: "Mama Damari hakujua kitu. Aliyejua ni mimi. Kuna zoezi Mzee Ambwene hakulifanya hata mara moja, la tairi kushuka kwenye lami. Niliandika kwamba amelifanya mara kumi. Na mchele ulioua niliupandisha mimi, na bibi aliniuliza."

Nikatoa daftari nikalisoma. Aprili nane. Aprili kumi na mbili. Mei kumi na tatu mpaka mwisho. Nilisoma vibaya, maandishi ya mkono mgonjwa. Mzee Ambwene alikuwepo, viti vitatu kutoka kwangu. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye bega lake aliinamisha kichwa, akasema, "Ni kweli. Lilivuta."

Gwamaka aliinuka. Nilidhani ananijia mimi, nikashusha mikono. Alinipita. Alikwenda mpaka penye jiko, akachukua sahani, akapakua kwenye sufuria la Mama Damari, akala amesimama. Mama Damari akaanza kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Akamaliza sahani, akanawa, ndipo akanijia.

"Kesho saa mbili tunakwenda polisi, mimi na wewe na yeye. Usiku huu usiondoke."

Nikasema siondoki.

"Na lile kaburi," akasema, "ungeniambia kabla hujashuka."

Mei 23
Tumekwenda. Askari aliuliza jina langu kamili, akaliandika polepole. Gwamaka alilisikia. Amekuwa akiniita Mgogo miaka minne. Mzee amebaki ndani. Mimi nimeachiwa kwa dhamana ya Mwalimu Angetile, natakiwa kuripoti kila Jumatatu mpaka kesi. Mwalimu alisema tu, "Kalamu nilikupa mimi. Nilitakiwa nibaki."

Mei 27
Nimeripoti.

Juni 3
Nimeripoti. Mvua imekata. Wameanza kuvuna mpunga uliolala. Nimepata kibarua cha kuvuna kwa Mama Damari. Haongei nami, ila chakula kinakuja.

Juni 10
Nimeripoti. Gari liko uani kwa polisi, limesimamishwa tena. Nililizunguka, miguu ilikwenda yenyewe. Matairi matano yana upepo. Tenki limepasuka. Mlango wa nyuma haufungi. Karatasi ya namba ya safari bado iko kwenye kioo.

Magari ya chama yameondoka Mbeya Ijumaa, kwa hiyo jana au leo yanapita kwetu. Nilipotoka pale nilipiga simu kwa jirani, akamwita mama. Alisema tangu jana ameweka kigoda pembeni ya lami, yamepita magari tisa yenye nyumba, yote ameyapungia, hakuna lililosimama. Akauliza letu ni la ngapi.

Nikamwambia letu halipiti. Akauliza limeharibika? Nikasema ndiyo, na limeua mtu, mama wa watu aliyekuwa akinilisha. Nikasikia lori linapita huko kwake.

Kisha akauliza kama dereva hakujua kuendesha.

"Hakujua, mama. Mimi nilijua kwamba hajui, nikasaini kwamba anajua."

Akasema lori limepiga kelele, hakusikia, nirudie.

Nikarudia.